Aliyeaminika kwa Sababu Hana Ndugu: Kisa cha Urithi Katika Komini ya Katuba

Kisa ninachokichambua hapa, cha watu walioiuliza programu ya akili bandia nani arithi nyumba, kilitokea Lubumbashi, nchini Kongo, katika komini ya Katuba, ndani ya familia iliyofiwa na baba aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mpaka wakati wa kuondoka kwa hiari, ule mpango wa miaka ya 2003 na 2004 ulioachisha kazi watu zaidi ya 10,000 kwa fedha za Benki ya Dunia. Kwa malipo yake ya kuondoka marehemu alinunua lupango, yaani kiwanja, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, na nyuma yake akaongeza vyumba viwili vya kupangisha. Mali iliyogombewa ni hiyo tu. Majina na alama zote zinazoweza kuitambulisha familia nimeziacha.

Waliohusika ni hawa: mjane, aliyefunga ndoa na marehemu mbele ya afisa wa hali ya raia, yaani msajili wa serikali wa ndoa na vizazi, watoto wao wanne, mkubwa akiwa binti, mdogo wa marehemu, ambaye watoto humwita baba mdogo, dada wa marehemu, mgonjwa, anayeishi Kasenga, na mtoto wa kiume wa huyo dada, yaani mpwa wa marehemu. Marehemu alikuwa Mubemba. Kwa Babemba, kama kwa Balamba, ukoo hufuata upande wa mama: watoto wa mtu ni wa ukoo wa mke wake, na anayechukua nafasi yake akifa ni ndugu yake wa tumbo moja au mtoto wa dada yake. Mjane, kwa upande wake, ni Muluba wa Katanga, ambako ukoo hufuata baba. Kwa hiyo kabla simu yoyote haijatolewa mfukoni, ndani ya lupango hilo kulikuwa tayari na hesabu tatu za haki: ya wajomba, ya mababa, na ya sheria ya nchi.

Sheria ya nchi ni lazima niiweke wazi mapema, kwa sababu bila hiyo msomaji hataweza kupima mashine ilikosea wapi na ilipatia wapi. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, inawapanga warithi kwa makundi. Kundi la kwanza ni watoto, waliozaliwa ndani ya ndoa na waliozaliwa nje yake pia, mradi baba aliwatambua rasmi akiwa hai. Kundi la pili lina mjane au mgane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Watoto huchukua robo tatu ya urithi, na robo inayobaki huenda kwa kundi la pili. Lakini kabla ya mgawo huo kuna hatua ambayo watu wengi huiruka: ikiwa wanandoa hawakuchagua utaratibu mwingine wa mali siku ya ndoa, kilichochumwa ndani ya ndoa ni chao wote wawili, na nusu ya mjane haiingii kabisa kwenye urithi. Juu ya hayo, mjane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyoishi pamoja. Mpwa hana nafasi kwa jina lake mwenyewe maadamu mama yake yu hai. Huyo mama ndiye mwenye nafasi, kama dada wa marehemu, ndani ya ile robo. Kwa sheria, basi, upande wa mpwa haukuwa na haki ya nyumba nzima, wala haukuwa mikono mitupu.

Baraza la familia liliketi uani baada ya kilio kutoka. Baba mdogo alifungua kwa sala, kisha akampa neno mpwa, kijana anayetengeneza simu katika komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Kijana hakuhutubia, alisoma. Usiku uliotangulia alikuwa ameiuliza programu ya akili bandia iliyo kwenye simu yake, na swali lake, nililoliona baadaye kwa macho yangu, liliandikwa hivi: "Yomba yangu alikufaka. Sisi Babemba, mwipwa njo anabakia pa nafasi ya yomba. Bibi yake anakatala kuachia nyumba. Sheria ya Congo inasema nini?"

Yaani: mjomba wangu amefariki, kwa Babemba mpwa ndiye anayeshika nafasi ya mjomba, na mke wake anakataa kuachia nyumba. Jibu lilikuwa refu, limepangwa kwa vipengele vyenye namba, kwa Kiswahili sanifu ambacho hakuna hata mmoja pale uani anakizungumza nyumbani kwake. Lilisema kwamba Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 207, inatambua mamlaka ya kimila, na kwa sababu hiyo urithi wa upande wa mama unalindwa. Likaelekeza familia iandike muhtasari wa kikao cha ukoo na kuupeleka Mahakama ya Mwanzo, ili mpwa ateuliwe kuwa msimamizi wa mirathi.

Kifungu cha 207 kipo kweli. Ila kinahusu machifu: kinatambua mamlaka yao na kusema kwamba hupatikana kwa kufuata desturi ya mahali, mradi desturi hiyo haipingani na Katiba, sheria, utulivu wa umma na maadili mema. Hakisemi neno juu ya nyumba ya mjane. Mahakama ya Mwanzo nayo ipo, lakini Tanzania, na ni huko pia ambako muhtasari wa kikao cha ukoo hutakiwa. Kwetu shauri la urithi huanzia mahakama ya amani. Sheria ya jirani iliingia Katuba pamoja na lugha, kwa kuwa maandishi mengi ya kisheria ya Kiswahili yaliyoko kwenye intaneti yameandikwa upande wa mashariki, huku Kongo ikiandika sheria zake kwa Kifaransa.

Uani hayo hayakujulikana. Mzee mmoja aliomba kipengele cha pili kisomwe tena, akakisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akaitikia kwa kichwa. Baba mdogo ndiye aliyeuliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa mara nyingi zaidi siku ile: "Nani aliandika hayo?" Mpwa akamjibu: "Hakuna mutu, baba. Ni mashine. Haina upande."

Maneno hayo mawili ya mwisho yalifanya kazi kubwa kuliko kifungu chochote kilichosomwa. Katika baraza la familia hoja hupimwa kwanza kwa kumtazama aliyeileta: ni mtoto wa nani, anadai nini, aligombana na nani mwaka jana. Hoja iliyoletwa bila mwenyewe ilipita bila kupimwa hivyo. Mpwa angesema yale yale kwa kinywa chake, angeambiwa kwamba njaa ya nyumba inamsemesha. Yaliposemwa na simu, yaligeuka kuwa elimu.

Kikao cha pili kilibadilika kwa sababu binti mkubwa naye alikuja na simu. Yeye ni mwalimu, na aliuliza kwa Kifaransa: ndugu za marehemu baba yake wanataka kumfukuza mama yake nyumbani, je, wana haki hiyo? Jibu lake lilianza kwa pole, likaendelea kwa sauti ya mtu anayekuonea huruma, na likasema kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kumfukuza mjane. Hadi hapo ni sahihi. Kisha likaeleza kwamba mjane anaweza kuchagua kati ya kuitumia mali yote maisha yake na kumiliki robo yake, na kwamba kaka na dada wa marehemu hawapati chochote pale penye watoto. Hiyo ni sheria ya Ufaransa, tangu marekebisho ya Desemba 2001. Swali moja, lililoulizwa kwa lugha mbili, lilileta sheria za nchi mbili, na hakuna iliyokuwa ya kwetu kikamilifu.

Kilichofuata kingechekesha kama si msiba. Kwa muda mrefu watu wazima walibishana ni simu ya nani yenye mashine bora. Mpwa alidai yake ndiyo mpya. Binti akajibu kwamba yake ni ya kulipia na ile nyingine ni ya bure, na mjomba wake upande wa mama akaunga mkono kwa hoja kwamba hata dawa ya bure haiponyeshi. Hakuna aliyesema kwamba mashine inayowapa ushindi wagomvi wote wawili huenda haijui. Kila upande ulihitimisha kwamba mashine ya upande wa pili ndiyo yenye kasoro.

Hapo ndipo nilipoitwa, kwa kuwa najitolea kusaidia watu kusoma hati na barua za mahakama parokiani. Niliomba nione maswali kabla ya majibu, na nadhani yeyote atakayekutana na kisa kama hiki angefanya vizuri kuanzia hapo. Hukumu ilikuwa imeshaandikwa ndani ya maswali yenyewe. "Bibi yake anakatala kuachia nyumba" tayari inamfanya mjane kuwa mtu anayeshikilia kisicho chake. "Wanataka kumfukuza mama" tayari inawafanya ndugu za marehemu kuwa wavamizi. Mashine haikumuuliza yeyote kati yao: ndoa ilifungwa wapi, nyumba ilinunuliwa lini, nani mwingine yu hai. Ilichukua maelezo ya muulizaji kama yalivyo na kuyavika vifungu.

Tabia hiyo ina chanzo kinachojulikana. Programu za aina hii hujifunza kwanza kwa kutabiri neno linalofuata katika bahari ya maandishi, kisha hurekebishwa kwa kufuata majibu ambayo watu huyapenda zaidi, na watu hupenda kuambiwa kwamba wako sahihi. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ililazimika kuondoa toleo jipya la ChatGPT siku chache baada ya kulitoa, kwa sababu lilikuwa limezidi kusifia na kukubaliana na kila anayezungumza nalo. Toleo lile liliondolewa, lakini mwelekeo wenyewe ni mgumu kung'oa, kwa kuwa umetokana na njia ile ile inayoifanya mashine ipendeze kuzungumza nayo.

Kwa nini, basi, iliaminika? Sikubaliani na wanaosema kwamba watu wa Katuba walidanganywa na kitu kipya kwa sababu hawajasoma. Binti ni mwalimu. Waliikimbilia mashine kwa sababu mamlaka zilizokuwa karibu nao zilikuwa zimejiharibia. Mwenyekiti wa baraza, baba mdogo, alikuwa mwamuzi na mdai kwa wakati mmoja, maana kwa desturi naye angeweza kurithi. Kiongozi mmoja wa mtaa aliyefuatwa mwanzoni alitaka "kitu cha karatasi" kabla ya kufungua kinywa. Wakili huhesabu kwa dola. Katika mazingira hayo kitu kinachojibu usiku wa manane, kwa upole, kwa bei ya megabaiti chache, hakihitaji kuwa na hekima ili kishinde. Kinahitaji tu kutoomba hongo.

Bado neno lile, "haina upande", linastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu lina nusu ya ukweli inayotoka ndani ya desturi zetu wenyewe. Ugomvi wa ukoo ukishindikana ndani, sisi huenda kumtafuta mtu wa ukoo mwingine, padri, au mzee wa utani, kwa sababu hana anachogombea. Mpwa alitumia kanuni hiyo hiyo: alimleta asiye na ndugu. Lakini mzee wa nje ana kitu kingine kinachomfanya afae. Ana jina. Akiamua vibaya, habari itamfuata sokoni na kanisani, watoto wake watasemwa, na msiba ujao hataitwa. Kutokuwa na ndugu katika shauri kunamwondolea upendeleo, na kuwa na jina mjini kunamtia woga wa kusema ovyo. Vyote viwili vinakwenda pamoja. Mashine ilikuwa na cha kwanza tu, na hata hicho si kwa ukamilifu.

Nasema si kwa ukamilifu kwa sababu mashine hizi zina ukoo, ila ukoo wenyewe hauonekani uani. Zina maandishi zilizolelewa nayo, ambayo mengi ni ya Kiingereza. Zina makampuni yanayoziunda. Zina pia wafanyakazi waliozifundisha lipi linafaa kusemwa na lipi halifai; Januari 2023 jarida la Time la Marekani liliripoti kwamba baadhi ya kazi hiyo ya kuchuja maandishi mabaya ilifanywa na vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa. Adabu tunayoisikia katika majibu hayo, ile ya pole na ya "kila familia ni tofauti", haikushuka kutoka mbinguni. Iliamuliwa na watu, chini ya mwajiri, kwa malengo ya biashara. Huenda waliamua vizuri. Ila hawakutuuliza sisi.

Hilo lilionekana waziwazi tulipofika kwenye maadili yenyewe. Baba mdogo, amechoka, alisema sheria iwekwe pembeni na mashine iulizwe jambo moja tu: nani anastahili? Mpwa akaandika mbele ya wote, nami nikiwa begani kwake: kati ya mjane na ndugu za marehemu, nani anastahili kubaki na nyumba? Jibu la kwanza lilizungumzia huruma, mahitaji, mazungumzo, na kuheshimu kumbukumbu ya marehemu. Hakuna aliyeweza kulipinga, na hakuna aliyeweza kulitumia. Baba mdogo akamwambia aongeze sentensi: kwamba mjane hakumtunza marehemu alipougua. Mizani ikaegemea kwa ndugu, kwa maneno laini lakini bila shaka yoyote. Binti akaruka, akaichukua simu, akaandika kwamba hiyo ni uongo, kwamba mama yake ndiye aliyemwosha na kumlisha mpaka mwisho. Mizani ikarudi kwa mjane, ikitanguliwa na samahani.

Kubadili uamuzi kwa kusikia jambo jipya si kosa. Mwamuzi mzuri hufanya hivyo. Tofauti iko katika kile ambacho hakikutokea kati ya sentensi ya baba mdogo na ile ya binti. Mwamuzi angeuliza: ni kweli? Nani aliona? Angemtuma mtu kwa jirani, au angeomba karatasi za hospitali. Mashine ilikubali shutuma na kanusho kwa wepesi ule ule, ndani ya dakika chache, kwenye mazungumzo yale yale, kwa sababu kwake vyote viwili ni maneno yaliyoandikwa na mtumiaji.

Mwaka 2021 taasisi ya Allen ya utafiti wa akili bandia, Seattle, ilitoa mfumo wa majaribio uitwao Delphi, uliofundishwa kwa hukumu za kimaadili zipatazo milioni 1.7 zilizokusanywa kutoka kwa watu, ili ujibu kama tendo fulani ni jema au baya. Ulipowekwa hadharani, watu waligundua upesi kwamba ukiongeza maneno kama "iwapo litamfurahisha kila mtu", mfumo uliweza kubariki hata jambo la kutisha. Watafiti wenyewe walieleza kwamba haukuundwa kumshauri mtu yeyote. Mashine za leo zina akiba kubwa zaidi na adabu zaidi, na mtego wa kitoto kama ule hauzinasi kwa urahisi. Sentensi moja ya baba mdogo, hata hivyo, ilitosha.

Na hili si jipya hata kidogo. Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alitangaza mwaka 1966 programu yake ELIZA, ambayo haikuwa na elimu yoyote. Ilikuwa ikirudisha maneno ya mtu kwa umbo la swali. Alishtuka kuona watu waliojua namna ilivyoundwa wakiieleza siri zao, na katibu wake mwenyewe akimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Tangu hapo Weizenbaum alishikilia kwamba zipo kazi, ya hakimu ikiwa mojawapo, ambazo hazipaswi kupewa kompyuta hata pale inapoonekana kuziweza. Namfuata katika hilo, ingawa sababu yangu ni ya kawaida zaidi kuliko yake.

Sababu yangu ni sahihi ya mkono. Katika kikao cha tatu niliomba majibu yote mawili yanakiliwe kwenye karatasi kwa mkono, kisha nikauliza nani atatia sahihi chini ya kila karatasi, kuonyesha kwamba yaliyoandikwa ni kweli na kwamba atakuwa tayari kuitwa mahakamani kuyaeleza. Mpwa aliisoma karatasi yake kwa muda, akauliza kama ni lazima, kisha akairudisha mezani. Binti alisema angetia sahihi mstari wa kwanza tu, ule usemao kwamba mama yake hawezi kufukuzwa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuyagawa majibu hayo kati ya anayoyajua na anayoyasikia.

Huko New York, Juni 2023, hakimu wa mahakama ya shirikisho aliwatoza mawakili wawili na kampuni yao dola 5,000 kwa sababu waliwasilisha kesi za zamani ambazo hazikuwahi kuwapo, zilizotungwa na ChatGPT. Hakuna aliyefikiria kuitoza programu. Waliotia sahihi ndio walioulizwa, na hivyo ndivyo mamlaka inavyofanya kazi popote: anayesema neno linalohamisha nyumba kutoka mkono mmoja kwenda mwingine lazima awe mtu anayeweza kuitwa tena, kuhojiwa, kukatiwa rufaa, kuaibika. Sheria yetu ya mwaka 2013 kuhusu mahakama inalijua hilo kwa namna inayonipendeza: pale mahakama ya amani inapolazimika kutumia desturi, hakimu huketi na wazee wawili wanaoijua. Desturi huletwa na watu wenye miili, ambao upande ulioshindwa unaweza kuwatazama usoni.

Sitaki kuificha faida iliyopatikana. Kabla binti hajauliza simu, mjane alikuwa ameshaanza kufunga nguo zake. Aliamini kwamba desturi ya mumewe ndiyo sheria, kwa sababu kila mtu mzima aliyemzunguka alimwambia hivyo, na baadhi yao ni watu wanaosali naye. Jibu lililochanganya Ufaransa na Kongo ndilo lililomwambia kwa mara ya kwanza kwamba yeye si mgeni katika nyumba aliyoichotea maji ya ujenzi. Lilikosea hesabu, likapatia mwelekeo, na bila hilo asingefika kwa mtu yeyote wa kumwonyesha Sheria ya Familia. Anayetaka kuzitupa mashine hizi zote ni lazima kwanza aseme mjane huyo angeuliza wapi usiku ule. Kwa maoni yangu, kitu kinachomwezesha mnyonge kuuliza kina thamani hata kikiwa hakifai kuamua. Kosa la lupango hilo lilikuwa kuyapokea majibu kwa heshima ya hukumu.

Upande wa desturi ulikuwa na upungufu mwingine, ambao hakuna aliyeutarajia. Tulipompigia simu dada wa marehemu huko Kasenga, mtu ambaye kila mmoja alikuwa akisema kwa niaba yake bila kumuuliza, aliomba kwanza asomewe jibu la mwanawe. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba walioandika hayo hawajawahi kuzika mtu. Kwao, alisema, anayempyana marehemu, yaani anayerithi nafasi yake, huchukua jina lake pamoja na mzigo wake: analea watoto, anahakikisha mjane ana chakula na paa, anasimama kwenye ndoa za mabinti. Nyumba haikuwahi kutembea peke yake bila watu waliomo. "Anataka nyumba ya yaya yangu? Alipe basi minerval ya batoto," alisema, akimaanisha nyumba ya kaka yake na karo ya watoto, na uani kukawa na kicheko ambacho mpwa hakushiriki.

Kile alichokisema mama huyo hakimo katika jibu la simu, na sidhani kilifichwa. Desturi za Haut-Katanga, mkoa wetu, zilizoandikwa ziliandikwa kwa sehemu kubwa na mahakimu wa kikoloni, wamisionari na watafiti, ambao walitaka kujua nani anachukua nini. Upande wa deni, wa nani anadaiwa nini na nani, umebaki katika vinywa vya watu wa umri wake, kwenye simu yenye mtandao unaokatika. Mashine inapozungumza juu ya desturi ya Babemba kwa uhakika, inazungumza juu ya ile nusu iliyoandikwa, na haina njia ya kujua kwamba kuna nusu nyingine.

Makubaliano yaliyoandikwa baadaye yalifuata sheria kwa karibu. Mjane anabaki katika nyumba. Nusu yake ya mali ya ndoa imetambuliwa kwanza. Binti, kama mtoto mkubwa, ndiye anayesimamia ugawaji. Sehemu ya shangazi yao wa Kasenga itahesabiwa na kulipwa kidogo kidogo kutoka kodi ya vyumba viwili vya nyuma, na kwa ombi lake mwenyewe kiasi fulani kitalipia dawa zake moja kwa moja. Mpwa alitia sahihi kama shahidi. Hati ingepelekwa mahakama ya amani wiki ile ile kama si swali alilolitupa shangazi huyo kabla hajakata simu: "Na ule wa Likasi?"

Wote walimjua. Ni kijana aliyezaliwa nje ya ndoa, ambaye marehemu alikuwa akimlipia shule, na ambaye wakati wa kilio alikaa nyuma karibu na lango, akala bukari, yaani ugali, na wachimba kaburi. Hakuna aliyemtaja kwa simu yoyote. Mpwa aliandika juu ya mjane, binti akaandika juu ya mama yake, na mashine zote mbili zikahesabu kwa kufuata walichoambiwa. Kifungu cha 591 cha Sheria ya Familia kinasema kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba, na kwamba hakuna mwenye haki ya kumpuuza mtoto wake, aliyezaliwa katika ndoa au nje yake. Kwa urithi, swali ni kama marehemu alimtambua rasmi akiwa hai. Binti amekwenda Likasi kutafuta katika daftari la hali ya raia, kwa idhini ya mama yake, ambaye alikubali baada ya siku mbili za kutosema na mtu. Jina likipatikana, robo tatu itagawanywa kwa watano. Lisipopatikana, kijana atalazimika kwenda mahakamani kuthibitisha baba yake ni nani, na nimeshamwambia ni karatasi zipi aanze kuzikusanya.